Bingwa Atashinda, Nimesema Mimi

Jumatatu, 6 Januari
Siku kubwa! Katibu wa klabu ya gofu katangaza: kila mfanyakazi abandike ubaoni utabiri wake kuhusu msimu mpya wa Bingwa, mchezaji nyota wa klabu. Majaribio ya Jumamosi ndiyo yataamua. Atakayepatia atashika kipaza sauti cha kutangaza mechi msimu mzima. Kipaza sauti! Miaka kumi na moja nakata nyasi hapa, sijawahi kusikilizwa na mtu. Nimeandika: Bingwa atashinda msimu huu kwa mbali. Ana miaka sitini na moja, sawa, lakini ni baba mkwe wangu na namjua vizuri.

Jumanne, 7 Januari
Mtunza stoo kabandika chini ya karatasi yangu: Bingwa kwisha habari yake. Mwandiko mzuri, roho mbaya. Mke wangu naye kanionya nisimtie baba yake presha, magoti yanamsumbua. Nimemjibu kwamba magoti hayashiki fimbo. Hakucheka.

Jumatano, 8 Januari
Nimejificha nyuma ya trekta kumtazama Bingwa akifanya mazoezi. Mapigo ya mbali, safi kabisa. Akikaribia shimo, mikono inatetemeka. Mpira unazunguka ukingoni, unagoma kuingia. Mara nane! Mtunza stoo alikuwa nyuma ya mti, naye anahesabu. Akanipungia mkono.

Ijumaa, 10 Januari
Nimepata! Nani huchimba mashimo ya uwanja kila asubuhi? Mimi. Nani hupima upana wake? Hakuna. Kesho yote kumi na manane yatapanuka kidogo. Kidogo tu, upana wa sufuria. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 11 Januari
Bingwa kaingiza kila mpira! Mpishi wa klabu pia. Mhasibu pia, yule ambaye mwaka jana alivunja kioo cha gari lake mwenyewe. Mama yake Katibu, mara yake ya kwanza kushika fimbo, akawa anashangilia kila shimo. Sikuwaza kwamba na wengine wangecheza kwenye mashimo hayohayo.

Bingwa kashinda, lakini kwa pigo moja tu dhidi ya mpishi. Nikakikimbilia kipaza sauti. Yeye akakifikia kwanza.

"Kama mpishi ananikaribia hivi," alisema, "wakati wangu umekwisha. Naacha gofu leo."

Mzee alikuwa analia. Nikatamani ardhi inimeze, shimo lolote kati ya yale lingenitosha. Katibu akampa mtunza stoo kipaza sauti papo hapo.

Jumapili, 12 Januari
Nimekwenda kwa baba mkwe, nikasema yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo mwanangu, uliona siwezi kuingiza mpira kwenye shimo la kawaida?"

Nikasema ndiyo, Baba. Akaacha kucheka. Anarudi uwanjani, kwa hasira, kunionyesha mimi. Halafu akampigia Katibu simu, mbele yangu, akamweleza kila kitu.

Jumatatu, 13 Januari
Nimehamishiwa maegesho ya magari. Kipaza sauti kimebaki kwa mtunza stoo. Katibu kasema mwenzangu naye alikosea utabiri, lakini angalau hakuuchimbia mashimo.

Nimekubali makosa. Utabiri nimeacha kabisa. Isipokuwa huu mmoja: sauti ya mtunza stoo itakauka kabla ya mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi nampelekea maji ya barafu, jagi zima.