Joto la Katikati

Jumatatu, 4 Mei
Andika, mwanangu, na usinikate maneno. Basi yale mayai yamo humo humo kwenye mashine ya kutotolea aliyoitengeneza mumeo. Kuku hana kazi tena! Wifi yangu kaja kucheka, eti kuku wake anaatamia bila umeme. Nikamwambia tutaona vifaranga vya nani vitalia kwanza. Ila mumeo injinia anataka nisome kipimo cha joto kila saa, nimtajie kwenye simu jioni. Kila saa! Miguu yangu ya kukodi? Akasema nikisahau mara moja si neno, kompyuta hutazama namba ya kabla na ya baada, inajaza pengo. Alaa! Kumbe pengo hujazwa!

Jumanne, 5 Mei
Nimetumia akili. Alfajiri, thelathini na saba. Jioni, thelathini na saba. Sasa katikati iwe ngapi, mia? Nikajaza thelathini na saba tupu. Mchana wote niko kwa fundi cherehani, napiga soga. Lile gauni analoshona, mama wee, mkono mmoja unafika gotini... haya, tuliache. Kuku wa wifi hajainuka hata kunywa maji. Mjinga yule.

Jumatano, 6 Mei
Mumeo kanisifu! Joto limenyooka kama uzi. Kesho anamleta tajiri anayetaka kununua mashine. Akauliza, mama, kweli ulisoma kila saa? Nikamwambia hata macho yananiuma, baba.

Alhamisi, 7 Mei
Salaale! Wamekuja saa sita mchana, saa ambayo huwa niko kwa fundi, leo tu ndiyo nipo. Jua limeingia dirishani, limeikalia mashine mgongoni. Kipimo kimegonga mwisho! Mumeo kavunja yai. Limeganda! Tajiri kauliza kama tunauza vifaranga au kifungua kinywa, akaondoka. Mumeo mdomo wazi. Mimi mdomo wazi. Wifi dirishani mdomo wazi, halafu akaangua kicheko. Mumeo akasema taratibu, mama, nilisema pengo la saa moja, si la mchana mzima.

Ijumaa, 8 Mei
Usinikunjie uso, kosa nimeliona. Nilichagua saa mbaya. Mayai mapya yakipatikana nasoma mchana tu, usiku utajijaza. Mbona jikoni njia hii inafaa? Maharage nimeyatazama tulipoanza kuandika, maji tele. Nitayatazama tukimaliza. Hapo katikati... Nani anaita? Wifi? Eti moshi? Moshi wa wapi? Wewe andika maji tele. Nakuja, wifi, nakuja!