Meno ya Kitana Chini ya Duara Zangu

Jumatatu, 3 Novemba

Dada Fang wa stoo amekataa kunipa visahani vipya vya silikoni, vile tunavyochorea saketi. Mbele za watu! Eti boksi la mwisho niliangusha. Niliangusha, sawa, lakini nani aliweka kiti pale? Akanijibu huku anamenya chungwa: "Shih-kai, wewe ukipewa kisahani leo, kesho tunafagia vigae." Maabara nzima ikacheka. Pei-yu ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Pei-yu huyu huyu niliyemfundisha kuvaa ovaroli ya chumba kisichotakiwa vumbi!

Ijumaa wanakuja wageni kutoka Japani. Profesa Yen atamchagua mmoja wetu, kwa kazi atakayowaonyesha, aende nao Kumamoto mwaka mzima. Lazima niwe mimi. Mama ameshautangazia mtaa.

Basi. Karibu na sinki kuna boksi la visahani vilivyokwisha kutumika. Nimechukua vya juu. Nimeviosha kwa asetoni vikang'aa hata nikaona nyusi zangu. Kipya ni nini, kama si cha zamani kilichooga?

Jumanne, 4 Novemba

Laana! Nimepaka kisahani rangi inayoshika mwanga, nimekipiga mwanga kupitia kioo cha mchoro wangu, nimekisuuza kwenye dawa. Nikainamia hadubini. Duara zangu hizo, nzuri kama mbalamwezi. Na chini yake, kwa mbali, meno ya kitana! Mimi sikuchora kitana!

Nikalaumu kioo. Nikakibadilisha. Kitana kipo. Nikalaumu mashine. Juu yake, kwa imani ya hapa kwetu, huwekwa mfuko wa kijani wa vitafunwa ili isinune. Nikaiambia haistahili, nikatoka na mfuko, nikala vyote mlangoni. Dada Fang akaniona. Akasema hata mwizi huiachia mashine fungu lake.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeviosha upya, safari hii kwa asidi. Jasho hadi kwenye glovu. Nimepaka, nimepiga mwanga, nimesuuza. Kitana kile kile kinanichekea!

Ikabidi nimuulize Pei-yu. Nilisema ni tatizo la rafiki yangu wa Taipei. Akanitazama kwa yale macho yake ya upole, ambayo siyapendi hata kidogo. "Kaka," akasema, "huyo rafiki yako amevua fulana, lakini alama ya jua bado iko mgongoni."

Akaeleza bila kuulizwa mara ya pili. Visahani hivyo zamani viliingizwa kwenye moto wa gesi. Palipofunikwa na rangi palisalimika, palipokuwa wazi paliungua na kuota ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Kuosha kunaondoa rangi, ngozi inabaki. Ndiyo maana rangi mpya hushika huku hivi na kule vile, na mchoro wa zamani unafufuka. Dawa yake ni kuichuna ngozi yote kwa ile asidi inayokula hata kioo, kisha kupaka gundi ya kwanza upya kila mahali. Au rafiki yako aombe vipya, akasema. Akajitolea kusimama nami kwenye beseni, maana asidi ile si ya kuchezea.

Kunionea huruma! Mimi! Nikamwambia rafiki yangu hahitaji yaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Upepo wa mji huu wetu wa Hsinchu umenipeperushia mwavuli hadi ng'ambo ya barabara. Haidhuru. Nimepata akili wakati nakula tambi za mchele. Kwa nini nipigane na kitana? Nitakificha! Nimekizungusha kisahani robo, meno yakalala chini ya mistari minene ya duara zangu. Karibu yote. Kona moja tu ya kitana inachungulia. Nani atatazama kona?

Ijumaa, 7 Novemba

Bwana Iwakura, mkubwa wa wale wageni, alitazama kona.

Aliinama kwenye hadubini. Akamwita mwenzake, naye akainama. Akamuuliza Profesa ni nani mwenye mkono wa namna hii. Profesa akatabasamu, mimi nikainama mpaka mgongo ukalia. Ndipo Bwana Iwakura akasema duara ni za kawaida, ila ile mistari hafifu ya chini ndiyo kazi: imenyooka mwanzo hadi mwisho. Tena mwenyewe ameweka alama. Akasoma kwa sauti: "T, P, Y."

Tseng Pei-yu. Akawa mwekundu kama pilipili.

Profesa akanigeukia. "Shih-kai?" Basi, neno hilo tu. Nikasema tulishirikiana. Pei-yu akasema kwa adabu kwamba anafurahi kusikia, ila yeye hakuwa na habari. Wajapani wakacheka. Hata mkalimani akacheka!

Yeye ndiye anayekwenda Kumamoto. Kwa mchoro alioutupa! Nimemtengenezea maonyesho kwa mikono yangu, na hata asante sijapewa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama kapiga simu. Anasema jirani wa ghorofa ya tatu ameshaniletea begi la safari. Nikamwambia mipango imebadilika, kachaguliwa msichana mmoja mdogo wangu kazini. Akanyamaza. Nikadhani analia. Kumbe anafikiri. Akauliza kama msichana huyo ameolewa.

Nimekata simu.

Jumatatu, 10 Novemba

Profesa ameamuru nipewe boksi zima la visahani vipya, nisiwe tena na kisingizio. Dada Fang amenikabidhi kwa mikono miwili, kama anamzika mtu. Pei-yu akaja kuniambia kwamba wakati wowote nikikwama nimwandikie, hata akiwa huko. Nikamwambia asikae akisubiri ujumbe wangu.

Vipya! Vyote vyangu! Ni mjinga gani atavichezea kwenye majaribio ya kila siku? Nimevifungia kwenye droo mpaka waje wageni wengine.

Kwa sasa, watu wa maabara ya jirani wametoa visahani vyao vya zamani nje ya mlango. Nimevibeba vyote. Na sasa mimi si mtoto. Nimekaa navyo kwenye hadubini mchana kutwa, ukingo hadi ukingo, kona kwa kona.

Hakuna herufi hata moja. Halafu mtu aje aniambie kwamba sijifunzi!