Nta Yenu Imemng'arisha Mama Mkwe

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Jitengenezee Nyumbani,

Pole na kazi. Mimi ni fundi seremala, na kwa miaka ishirini na sita sijaandika barua yoyote ila za kuagiza mbao. Leo imenibidi. Naomba ukurasa wenu ufungwe mara moja, kwa sababu hizi:

1. Mliandika kwamba losheni ya asili inahitaji mafuta, maji na nta, na kwamba nta nzuri ni ile inayokaa. Mke wangu hufua nguo za watu, na mikono yake imepasuka hadi nyuzi za mashuka zinanasa. Inaniuma kuiona. Nikasema, kwa habari ya nta, hapa wamegusa fani yangu. Ya nyuki niliiacha, ni laini mno, huwa naipaka kwenye droo zisikwame. Ya mishumaa inamenyeka. Nikachagua ile ngumu ya mimea ninayong'arishia meza za ofisini, ambayo hata kikombe cha moto hakiiachii alama.

2. Mke wangu alipaka kidogo, kwa adabu. Mama yake, aliyekuja kututembelea, akajipaka hadi magotini. Baada ya robo saa aling'aa vizuri sana, ila vidole havikukunjika. Akaniuliza, "Mkwe, umenipaka vanishi?" Nilimweleza kwa heshima tofauti ya nta na vanishi. Hakuridhika.

3. Kumtoa nta ilikuwa kazi. Ubao una mkondo wa nyuzi zake, unajua pa kuanzia. Mama mkwe hana.

4. Alipoaga, mto wa kochi uliondoka naye.

5. Fundi viatu jirani anauliza kama nitamuuzia kopo moja. Nimeijaribu kwenye viatu vyangu, na inafaa kabisa.

Basi mwandishi wenu aje amwombe radhi mama mkwe, na akirudi anirudishie mto.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa na mfagizi, na hata huyo mwandishi, japo roho inakataa.

Wako mwenye uchungu,
Fundi Droo

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii, akanionyesha gazeti lenu. Kumbe mliandika nta ya nyuki, kijiko kimoja. Mimi nilitia kikombe, kwani katika kazi yetu mpako mmoja hautoshi. Ametengeneza upya kwa nta ya droo zangu, na kwa kuwa vidole vyake bado vinauma, mimi ndiye ninayempaka. Tangu Jumatatu kila jioni tunakaa kwenye kochi, ananyoosha mikono, na nyufa zimeanza kufunga. Tumeoana miaka kumi na tisa na hatujawahi kushikana mikono muda mrefu hivi. Kwa hiyo ukurasa msiufunge. Ila nawaomba sana, msije mkaandika kwamba mtu anaweza kujipaka mwenyewe.