Magoti Yangu Yanaomba Nafasi ya Uzamivu

Scholastika Bonifasi,
Kinole, Morogoro.

Kwa Mratibu wa Masomo ya Uzamivu.

Ndugu Mratibu,

Naandika nikiwa nimekaa, kwa sababu ambazo utazielewa kabla hujamaliza ukurasa. Mimi ni mkulima wa ndizi na mdalasini, umri wangu miaka sitini na miwili. Juzi Esther, binti wa dada yangu, alinisomea kwenye simu tangazo la chuo chenu: nafasi tatu za shahada ya uzamivu katika ulainishaji wa viungo vya mwili na utengenezaji wa gegedu za bandia, yaani ile mifupa laini ya kwenye maungio. Naomba nafasi moja. Hizo mbili wapeni wasomi.

Sababu na malalamiko yangu ni haya:

1. Miaka miwili iliyopita mlimtuma kwetu mwanafunzi wenu, Erick, achunguze magoti ya wakulima wa milimani. Kijana mwenye adabu zake. Alitaka kuona tunavyobeba mzigo, nikajitwika mkungu wa ndizi, akanifuata na daftari. Kona ya tatu alikaa kwenye jiwe, akaniuliza, "Mama, huku mnapandaje kila siku?" Nikamjibu, "Kwa miguu." Akaandika. Kutoka hapo nilipanda na mkungu kichwani na begi lake la vipimo begani. Leo yeye ni Daktari Erick, na mimi kwenye kitabu chake ni Mshiriki wa Kumi na Saba. Sina kinyongo. Nauliza tu, ule utafiti uliofanyika baada ya jiwe ni wa nani?

2. Alinichoma sindano gotini, akavuta maji, matone machache, yakapelekwa maabara ya ng'ambo kupimwa utelezi. Mimi mwenyewe sijawahi kuvuka Dar es Salaam. Maji ya goti langu yamepanda ndege. Ni mwombaji gani mwingine mwenye kiungo chenye uzoefu wa kimataifa?

3. Majibu yalisomwa kwenye semina, kwa Kiingereza, tukapewa soda na fulana. Esther ndiye aliyetutafsiria kwamba maji ya magoti yetu yana utelezi wa kuridhisha kabisa, na kwamba huenda kupanda milima kunayalinda magoti. Tulipiga makofi, tukasimama. Kusimama kulichukua muda. Profesa aliyekuwa mbele alidhani tunampa heshima ya pekee, akainamisha kichwa.

4. Lilikuwepo shirika lililokuwa limepanga kutuletea mtaalamu wa viungo kila mwezi pale zahanati. Liliposoma kitabu cha Daktari Erick, lilituandikia kwa upole kwamba huduma itapelekwa kwa wanaoihitaji zaidi, yaani wakulima wa tambarare. Tangu hapo mimi nateremka kutoka shambani kinyumenyume, kwa kuwa kuteremka uso mbele goti halikubali. Watoto wananiamkia mgongoni. Naitikia marahaba huku nautazama mlima. Kanisani napiga goti moja, na Padri ameniruhusu. Shamba la juu, ambako mdalasini umekomaa, sijafika tangu Pasaka. Kisayansi mimi siumwi. Nimejaribu kulieleza goti hivyo.

5. Tangazo linataka mwombaji awe na umri usiozidi miaka thelathini na mitano, awe na machapisho, na awe na uwezo wa kutembea milimani bila shida. Ndugu Mratibu, mwenye uwezo huo anatafuta nini kwenye elimu ya magoti? Kuhusu machapisho, nipo ukurasa wa tisini na nne, picha ya pili, kuanzia kiunoni kwenda chini.

6. Mkininyima nafasi, sisi washiriki wote ishirini tutaanzisha utafiti wetu. Tutawaalika maprofesa Kinole, tutamtwika kila mmoja mkungu, tutawavuta maji ya magoti wakati wa kushuka, na tutawaita kwa namba. Majibu tutawasomea kwa Kiluguru. Soda itakuwepo.

Nikikubaliwa, nitaripoti chuoni mara baada ya kuvuna mdalasini, kama nitaufikia. Hizo gegedu za bandia, jozi ya kwanza nitaijaribia mwilini mwangu mwenyewe, tusipoteze muda kutafuta mtu.

Nisalimie Daktari Erick na mama watoto wake, profesa wa semina, dereva wa gari la chuo aliyetungoja bondeni, na wote wa maabara ya ng'ambo ambao wananifahamu kwa matone tu. Huku kwetu Magreth na wanakwaya wenzake wote wanawasalimu.

Mwenzenu katika utafiti,
Scholastika Bonifasi

Nyongeza: Esther anasema barua ya maombi lazima iwe na ukweli wote. Siku ile Erick aliniuliza, "Mama, goti lipi linakusumbua?" Niliitazama ile sindano, nikakumbuka kwamba bado nina safari ya kurudi nyumbani, nikamwonyesha la kushoto. Linaloniuma ni la kulia. Nilidhani hiyo ni siri yangu peke yangu, lakini jana niliwauliza wenzangu kumi na tisa, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amempa goti zima, lisilouma. Kwa hiyo Daktari Erick hakukosea neno, na mtaalamu wa viungo tulimfukuza wenyewe. Barua hii msiijibu. Mwambieni tu kijana arudi na sindano yake. Safari hii tutatoa yanayouma.