Mtumbwi wa Mtu Mmoja Tu

Jumatatu, 5 Machi 1956

Mto umechukua daraja. Lote! Magogo, kamba, hata mti uliokuwa umelishikilia upande wetu. Shamba langu la maharage liko ng'ambo. Yameshakauka. Yakikaa na mvua hii siku chache zaidi yataota ndani ya maganda, na sijui tutakula nini mpaka mwakani.

Kuna daraja la barabara kuu, ndiyo. Kulifikia ni kutembea kutwa nzima. Nani atatembea kutwa na gunia kichwani?

Kijiji chetu chote hapa kando ya Ruaha Mdogo kina mtumbwi mmoja. Mmoja! Na Mungu akaona vema uwe wa Edmund.

Edmund ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Rozalia. Anavusha kila mtu. Wazee, wanawake, mbuzi. Isipokuwa mimi. Leo asubuhi nilikuwa nimeshakaa, akaniambia nishuke. Mbele ya watu! Kisa ni suruali. Nilimshonea ya Krismasi, akaivaa kwenye ubatizo, ikapasuka alipopiga magoti. Akasema fundi ameiba kitambaa. Nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba kitambaa hakikupungua, tumbo ndilo lililoongezeka, na lisingeongezeka kama angekuwa anakula kwake. Watu wakacheka. Sasa anataka niseme nimekosa, mbele ya watu walewale, ndipo anivushe.

Rozalia kaniambia, Baba Joachim, ni neno moja tu, litakuua? Nikamjibu kwamba mimi Bartholomeo, fundi cherehani niliyemshonea hata karani wa Boma, siombi radhi kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine. Nitanunua mtumbwi wangu. Uliokwisha kutumika, maana fedha niliyo nayo ni ile tuliyoiweka ya kununulia bati la paa linalovuja. Na uwe wa mtu mmoja. Mmoja tu! Asije mtu kuniomba nafasi.

Hasira imenifanya nijishone kidole.

Jumatano, 7 Machi

Nimeupata! Mama Verediana, mjane anayeuza ulanzi, pombe ya mianzi, kule upande wa chini wa mto, ana mtumbwi wa marehemu mumewe. Wa mtu mmoja. Umeinuliwa juu ya mawe, umefunikwa nyasi, mkavu, hauna ufa. Nilikaza uso nisionekane nimefurahi.

Bei yake! Mwanamke hana haya. Nikamwambia huo ni mti tu uliotobolewa. Akasema mumewe aliuchonga kwa mikono yake na hapunguzi hata senti. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Njiani nikapata akili. Nimepita kilabuni, nikapita dukani, nikanong'ona kwa huzuni kwamba nasikia mtumbwi wa marehemu umeoza chini, na atakayeupanda hatarudi. Sikusema uwongo. Nilisema "nasikia". Maneno yatamfikia. Bei itashuka. Edmund ana mtumbwi, mimi nina kichwa.

Ijumaa, 9 Machi

Maneno yamemfikia.

Nimemkuta Mama Verediana anacheka, ananiita mwanangu. Akasema afadhali watu wema walimwonya, angemuuzia mtu akafa, dhambi ingekuwa yake. Kwa hiyo ameukatisha. Katikati! Nusu moja ni hori la nguruwe, nusu ya pili anawekea ulanzi. Fundi aliyeukata alikuwepo bado, analinoa shoka lake. Akasema hajawahi kukata mti mgumu namna ile, shoka limekatika meno, na kama huko ndiko kuoza basi na yeye angependa kuoza hivyo.

Mama Verediana akanichotea kikombe kutoka katika nusu ya mtumbwi wangu. Kwaresma hii! Niliapa kutogusa pombe mpaka Pasaka. Nimekunywa kwa hasira. Hasira ikanifanya ninywe cha pili.

Nguruwe walikuwa wanakula. Wamejipanga vizuri kabisa, kama abiria.

Jumapili, 11 Machi

Misa. Padre amehubiri juu ya kupatana na ndugu yako kabla ya kuleta sadaka. Alikuwa ananitazama mimi. Kanisa zima limejaa watu na yeye ananitazama mimi! Rozalia akanifinya. Edmund mbele yetu ameinamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye picha.

Baada ya misa alivusha watu mpaka jua likageuka. Alikuwa anaimba. Walivuka hata wateja wangu wawili, mmoja amevaa koti nililomshonea mimi. Koti langu linavuka, mwenyewe nimebaki!

Ezekia, dereva wa lori linalofuata mchele Usangu, anasema kule mabwawani mitumbwi imelala kila mahali kama viatu msikitini, na wavuvi wanaiuza bei ya chini. Anaondoka keshokutwa. Nauli sina. Tumekubaliana nitamshonea turubai lake lililochanika.

Rozalia ameniuliza kama nitagusa fedha ya bati. Nikamwambia asinichoshe. Nje mvua, ndani mvua. Ameweka sufuria chini ya tundu, akalala upande mwingine.

Jumatano, 14 Machi

Usangu. Ardhi imelala tambarare mpaka inaudhi.

Jana tumekwama matopeni kabla ya Nyololo, tukasukuma, tukakwama tena baada ya Nyololo. Turubai nimelishona lori likiwa linakwenda, mvua ikininyeshea mimi, na mchele wa kufunika haupo hata kidogo! Ezekia alikuwa anakwenda kuuchukua, si kuupeleka. Nimeshona bila sababu. Nilipomwambia angesubiri turudi, akasema makubaliano ni makubaliano.

Mvuvi niliyempata anaitwa Jailos. Mtu mzima, mpole, jambo lililonifanya nimshuku papo hapo. Akanionyesha miwili. Mmoja mpana, mmoja mwembamba. Nikaigonga, nikainusa, nikaweka sikio. Akaniuliza kama nimewahi kupiga kasia. Nikasema tangu utotoni. Akafurahi, akasema basi niingie majini nijaribu. Nikasema nina jipu.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akasema polepole, "Fundi, huu mwembamba ni wa kijana wangu, siku hizi haumtoshi. Wewe chukua ule mpana. Nitakupunguzia."

Atanipunguzia! Mtu anayekimbilia kukupunguzia ana jambo. Ni wazi ule mpana una kasoro na anataka kuuondoa. Halafu ananitazama kiunoni, mimi! Tepu ilikuwa shingoni mwangu. Angeniomba nijipime ningempima yeye mdomo.

Nimechukua mwembamba. Amepokea fedha yote ya bati, na koti langu juu yake. Akanipa kasia bure na kuniombea safari njema. Alikuwa na uso wa mtu anayesikitika. Nimemshinda, ndiyo maana.

Ijumaa, 16 Machi

Nimefika nyumbani na mtumbwi juu ya magunia ya mchele. Kijiji kizima kimetoka kuuona. Nimesema kesho asubuhi navuka.

Rozalia hakutoka. Alikuwa anaosha matope miguuni. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na kazi. Akauliza kama nimeacha hata fedha ya bati moja. Nikamwambia mwanamke hajui biashara. Akaendelea kuosha miguu.

Jumamosi, 17 Machi

Naandika nikiwa ng'ambo. Daftari lilikuwa ndani ya mkebe wangu wa nyuzi niliojifunga mgongoni, ndiyo maana limepona. Mimi nimepona kwa shida.

Watu walijaa ukingoni kama siku ya mnada. Nikaingia mtumbwini. Yaani, nilianza kuingia. Nyonga zikagoma. Kijana fulani akasema nikae kiubavu. Nikamwambia anyamaze. Nikajisukuma chini kwa nguvu zote na nikakaa. Nilikaa vizuri sana. Nilikaa kama kizibo.

Nikapiga kasia mara moja, mtumbwi ukazunguka. Nikapiga upande mwingine, ukazunguka tena. Watu wakaanza kupiga kelele. Nikageuka niwatukane, na hapo ndipo ulipopinduka.

Sasa nisiandike uwongo. Niliogopa. Kichwa kilikuwa chini, miguu imenaswa juu, maji ya baridi yanaingia puani, na nikamfikiria mwanangu Joachim anavyolala amekunja ngumi. Nikajaribu kusema sala, nikameza mto.

Mtu akanishika kola. Akavuta. Mtumbwi ukanitema, ukaenda zake na maji, yaani fedha yote ya bati na koti vikashuka kuelekea nisikokujua. Alikuwa Edmund. Alinifuata na mtumbwi wake, akajirusha na nguo zake zote. Akanisukumia ndani ya mtumbwi wake, akapanda naye, akakaa anatetemeka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa karibu kulia, "Shemeji, hata sasa huna neno?"

Nikamwambia ninalo. Nikamwambia aitazame hiyo kola aliyonivutia. Imebeba mtu mzima na mto mzima, haikung'oka. Nimeishona mwenyewe. Kwa hiyo ajue nguo zangu hazipasuki zenyewe.

Edmund akashika kasia. Akaniteremsha upande huu wa shamba, akarudi peke yake.

Vema! Huku ndiko nilikokuwa nakuja. Nimepanda mpaka shambani.

Hakuna maharage. Hakuna hata ganda. Yameng'olewa safi, mstari kwa mstari. Wezi! Nimekaa chini kwenye matope. Chakula cha mwaka mzima. Nimelia, na kwa kuwa hakuna aliyeniona haidhuru nikiandika.

Jumapili, 18 Machi

Nimelala katika kibanda cha kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori. Nimekula mahindi mabichi ya jirani.

Baada ya misa wote wakaja ukingoni kwao. Rozalia akaniita kwa kupaza sauti. Akasema maharage yapo. Ijumaa, nilipokuwa njiani kutoka Usangu, yeye na kaka yake walivuka, wakang'oa yote, Edmund akavusha kutwa nzima bila kudai chochote. Magunia yako nyumbani kwa Edmund, kwa sababu kwake hakuvuji.

Nikaruka kwa raha. Halafu nikakasirika. Shamba langu! Nani aliwaruhusu?

Rozalia akasema sasa yatosha, Baba Joachim, mtoto anakuulizia, sema hilo neno turudi nyumbani. Edmund alikuwa ameshaleta mtumbwi mpaka katikati ya mto. Kasia limelala magotini. Anangoja. Hakuna aliyekuwa anacheka. Hata Mama Verediana alikuwa amekunja mikono, ananitazama kama ananiombea.

Nikafungua kinywa. Namwita Mungu shahidi, nilikifungua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Kisha Edmund akasimama kunyoosha miguu, akanipa mgongo, nikaiona ile suruali. Ameipeleka kwa fundi mwingine! Imeshonwa nyuma kwa uzi mweusi. Uzi mweusi juu ya kaki! Mishono mirefu kama ya gunia! Nikasahau yote. Nikapiga kelele nikimwuliza ni mchinjaji gani amemfanyia vile, na kama hana haya kwenda nayo mbele ya altare.

Edmund akageuza mtumbwi.

Rozalia akaokota kikapu chake. Hakugeuka kunitazama tena.

Jumanne, 20 Machi

Nimetembea mpaka daraja la barabara kuu. Viatu vimekwisha. Njia nzima nimefikiri, na nimeliona kosa langu. Sikulificha, nimelikubali kiume: mtumbwi ulikuwa mdogo.

Nilipaswa kufikiria kitu kikubwa. Na hapa darajani, kwenye karakana ya malori, kuna mzee aitwaye Sedekia anayeuza mapipa matupu ya petroli. Ukiyafunga pamoja na kuweka mbao juu una kivuko. Kijiji kizima juu yake! Edmund abaki na mtumbwi wake, avushe vyura.

Huyu Sedekia ni mtu wa ajabu. Amesema mwenyewe kwamba mawili yana kutu mpaka ndani, niyajaze maji kwanza nione yanavyovuja. Nimemcheka usoni. Muuzaji anayekutolea kasoro za mali yake ana mteja mwingine anayemfichia. Nikasema nayachukua yote, leo hii, kabla mwingine hajaja.

Fedha sina. Lakini maharage ninayo. Tumekubaliana kwa magunia yote. Kesho anapeleka mapipa kijijini kwa lori na kubeba magunia kutoka kwa Edmund. Nimemwelekeza nyumba. Nimemwonya jambo moja tu, kwamba akimkuta Edmund asithubutu kumwomba samahani kwa usumbufu, watu wasije wakadhani imetoka kwangu.

Rozalia hajui bado. Nitamwambia yakishaelea.