Mionzi ya Jumatatu

Tangi la samaki la saluni ile lilikuwa na kila kitu isipokuwa afya. Samaki walikuwa wakizunguka kwa adabu, lakini majani yaliyopandwa chini yalikuwa yamelala chali kama wateja wanaooshwa nywele. Mhandisi alichungulia dirishani mara moja tu, akafunga vifungo vya koti. Uhandisi hakuusomea popote. Ulimjia pamoja na koti.

Nyumbani alikuwa na taa arobaini za LED, mwanga wa waridi, alizozipata wiki ile kwa muuza nyama mmoja aliyekuwa anafunga bucha ili auze samaki wa mapambo na mimea yao. Ni taa zile zile zinazoifanya nyama ya juzi ionekane ya leo. Kwa malipo alimwachia pikipiki yake, ambayo ilikohoa kuliko ilivyokimbia, akaondoka akijua amemliza mtu mzima mchana kweupe. Sasa alitembea kwa miguu, na taa zisipouzika angeendelea kutembea hadi soli ziishe.

Aliingia na taa moja ya mfano begini, akamkuta Madamu, mwenye saluni, anamsuka mteja huku wengine wanne wakimsengenya jirani ambaye hakuwepo. Mhandisi alisalimia mmoja mmoja, kisha akalitazama tangi kama daktari anayetafuta maneno ya kuiambia familia.

"Dada yangu," alisema, "majani haya yana njaa ya mwanga."

Akaeleza kwamba mmea hauli mwanga wote, unachagua nyekundu na bluu tu, na kwamba taa yake imezipika pamoja zikawa waridi. Madamu akauliza, kwa upole wa mtu asiyejua, ile namba ya weupe inayoandikwa kwenye kasha la taa ni ngapi, na mwanga utafika chini kwenye maji ya kina kile, na iwashwe kwa saa ngapi. Mhandisi alimsifu kwa maswali. Namba, alisema, ni za taa za kawaida. Hii iwake tu, mchana na usiku.

"Mchana na usiku," Madamu alirudia, kana kwamba anaandika moyoni. "Basi ifunge. Majani yakifika juu ya maji ndani ya wiki sita, nazinunua zote arobaini. Ila uwe unakuja kuihudumia mwenyewe, Jumatatu, saa sita."

Mhandisi hakujiuliza kwa nini Jumatatu, siku ambayo saluni zote hupiga miayo.

Taa ile, bila shaka, haikuotesha chochote isipokuwa hamu ya nyama. Kwa hiyo kila Jumatatu Mhandisi aliingia na begi, akatangaza kwamba taa inapopimwa hutoa mionzi inayodhuru macho na nywele zilizotiwa dawa, akawahamishia wote chumba cha nyuma kwa nusu saa. Akibaki peke yake alivua koti, akang'oa majani mafupi, akapanda marefu aliyoyanunua asubuhi kwa yule yule muuza nyama, ambaye sasa alinukia samaki. Majani yasiyofungwa huelea, basi alichana vipande vya shati lake, kule chini panapofichwa na suruali, akayafunga kwenye kokoto. Yale mafupi alimuuzia muuza nyama kwa nusu ya bei.

"Acha na vitambaa vyake," muuza nyama alimwambia. "Nitavitoa mwenyewe."

Mhandisi alimhurumia. Watu wapole kama huyu, aliwaza, wanaishije mjini?

Kufikia wiki ya tano shati liliishia kitovuni, na koti likawa halivuliwi mbele ya watu hata kwa joto la yale madrai ya kukaushia nywele. Lakini majani yalipanda, na wanawake walirudi kutoka nyuma wakishangaa kwa kupokezana. Kila Jumatatu walizidi. Wengine hata nywele za kusuka hawakuwa nazo. Mhandisi aliona ni sifa ya sayansi yake.

Hapa inabidi tumsikitikie kidogo. Mtu yeyote anayekaa saluni nusu saa hutoka anajua nani ni ndugu wa nani. Yeye, kila alipofika, aliwafukuza wenye habari.

Wiki ya sita majani yaligusa juu ya maji. Mhandisi alisimama katikati ya viti vilivyojaa, akauliza zile taa thelathini na tisa zilizobaki azilete lini.

"Kaa kwanza, kaka," Madamu alisema. "Vua koti, kuna joto."

"Nimezoea."

"Tunajua," alisema shangazi mmoja chini ya drai, na saluni nzima ikauma midomo.

Madamu alifungua droo, akatoa kifurushi. Vilikuwa vipande vya shati, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimepangwa kwa ukubwa.

"Mdogo wangu kanipa nikurudishie. Yule wa bucha. Tumenyonya ziwa moja."

Akamwongoza chumba cha nyuma. Huko palikuwa na tangi jingine, chini ya taa nyeupe isiyo na madaha yoyote, na majani yamenona ndani yake. Mlangoni lilining'inia pazia lenye matundu, yote usawa wa jicho, na nyuma yake viti vimepangwa safu.

"Mafupi uliyomuuzia yeye tuliyalea hapa," Madamu alisema. "Wiki iliyofuata alikuuzia yakiwa marefu. Majani ni yale yale tangu mwanzo, Mhandisi. Na taa ukitaka kuchagua, angalia namba: elfu sita na mia tano, saa nane kwa siku, basi. Ile yako ningeiacha mchana na usiku ningefuga mwani. Nilikuwa naizima ukikata kona tu."

"Hii ulinunua wapi?"

"Umeninunulia wewe. Pesa za majani."

Mhandisi aliuliza Madamu alijua tangu lini.

"Siku ile ile. Miaka tisa nimekula nyama iliyokaa chini ya taa zako. Dukani nyekundu, nyumbani kijivu."

Nje pikipiki ilipita, injini inaimba kama imetoka dukani. Mhandisi hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Alikunja vipande vyake, akavitia mfukoni. Kisha macho yake yakaenda kule kwenye viti vya saluni, akahesabu vichwa ishirini na vitatu, Jumatatu, saa sita mchana. Mgongo ukamnyooka. Akakohoa kidogo, akauliza, kwa sauti yake ya kikazi, fungu lake katika mapato ya umati huu ni lipi.

Madamu alimtazama kwa heshima aliyokuwa hajampa tangu wafahamiane.

"Hilo lazima nilipime, kaka," alisema. "Na kipimo chake kina mionzi mikali. Subiri nje nusu saa."

Akatoka. Wanawake wakageuza viti vyao dirishani, wakamtazama anavyosubiri.