Mchumi wa Kushika Kuku

Jumapili, 15 Juni 2025
Leo jogoo amenichafulia koti la suti. Mbele ya usharika wote! Mimi, Sosthenes, mwenye shahada ya uzamili ya uchumi kutoka Bulgaria, niliyepanga mipango ya mkoa mzima hadi nikastaafu! Kila Jumapili baada ya ibada nasimama nje ya kanisa hapa Kihesa nikishika kuku wa sadaka wanaopigwa mnada. Anayeuza ni Sedekia, fundi baiskeli, darasa la saba. Yeye anapaza sauti, mimi naning'iniza kuku. Leo kanipigia kelele, "Inua, mnyalukolo, inua! Huyo ni jogoo, si mtihani!" Mnyalukolo, yaani ndugu yake! Watu wakacheka. Mke wangu Damari alicheka kuliko wote.

Jumatatu, 16 Juni
Hospitali. Daktari amesema moyo umechoka, nisiinue vitu vizito. Nikauliza kama jogoo ni kitu kizito. Akauliza jogoo gani.
Njiani nikashtuka hadi nikakaa chini. Siku ya mazishi wasifu wa marehemu lazima usomwe, na wasifu huishia na kazi ya mwisho. Yangu ni mshika kuku! Watasoma hivyo mbele ya wenzangu wote wa serikalini! Basi sifi kabla sijawa mpiga mnada. Naandika haya watoto wangu, Esnath na wenzake, wayakute nikishaondoka. Naandika ukweli mtupu, hata usiopendeza.

Jumatano, 18 Juni
Nimekwenda kwa Mchungaji Blessing, kijana wa umri wa mjukuu wangu. Nikamweleza kwa upole habari za soko, bei na elimu yangu. Alisikiliza hadi chai ikapoa. Kisha akasema kazi yangu ni nyeti. Walionitangulia kuku waliwaponyoka wakakimbilia kwenye mahindi ya jirani. Kwangu hajaponyoka hata mmoja. "Baba, una kipaji." Kipaji! Nilikwenda hadi Ulaya, kumbe kipaji kiko kwenye vidole!
Nikauliza, Sedekia akiugua? Akasema Sedekia haugui. Na akisafiri? Hapo akasema, basi itabidi uuze wewe, baba. Nikamaliza chai ya baridi kwa furaha.

Ijumaa, 20 Juni
Naungama. Nimemdanganya Sedekia. Nimempitia kibandani kwake, nikamwambia kuna mtu ametoka Kilolo na ujumbe: baba mkwe wake anamtaka Jumapili bila kukosa. Sedekia alipauka. Hajakanyaga ukweni tangu alipogombana na mzee huyo harusini juu ya nyama ya kondoo. Akauliza, "Amekasirika bado?" Nikasema sijui, mimi nimetumwa tu. Akaninunulia soda kunishukuru. Niliinywa yote. Nisamehewe, ilikuwa tamu.

Jumapili, 22 Juni
Mungu wangu! Sijui nianzie wapi.
Nilianza vizuri. Damari alinishikia kuku. Wawili wakamtoroka, sikujali. Mama Obeid akanunua jogoo, kisha, kama ilivyo desturi yetu, akamrudisha auzwe tena. Jogoo mmoja hununuliwa na kurudishwa mara nyingi, na kila anayemrudisha ameshalipa. Paa la kanisa limeezekwa hivyo. Lakini mimi ni mchumi! Nikasimamisha mnada. Nikaeleza kwamba bidhaa iliyonunuliwa imetoka sokoni, na kuiuza tena ni kupotosha bei. Nikamkabidhi jogoo wake. Akakataa. Nikasema ni wake kisheria. Akasema, "Baba Esnath, mimi nimemtolea Bwana, wewe unanirudishia kitoweo?"
Kuku wa pili hakupata mnunuzi. Kila mtu aliogopa kupewa kuku. Nikashusha bei. Nikashusha tena. Nikaeleza kwamba kimya ni dalili ya soko kushiba. Mtu wa kwaya akajibu kwa nguvu kwamba soko limeshiba, wao bado. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani. Mchungaji alichungulia kapu la sadaka, akaligeuza, akalitikisa.
Nyumbani Damari hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 24 Juni
Sedekia amerudi. Nilipomwona mlangoni kwangu nilijua nimekwisha. Akanikumbatia! Kumbe baba mkwe alipomwona alilia. Alikuwa akingoja siku zote hizi, akiona aibu kumwita. Wamepatana. Sedekia amepewa kondoo mzima, na anamleta mnadani kwa shukrani.
Ila, akasema, kule Kilolo hakuna aliyemtuma mtu yeyote. Akanishika mkono, akasema ameshaelewa: aliyesema kwa kinywa changu ni Roho Mtakatifu. Nikafungua mdomo nikiri. Akasema nisijisumbue, watu wanyenyekevu hukana.
Nikafunga mdomo.

Jumapili, 29 Juni
Sedekia yuko kwenye nafasi yake. Kondoo ameuzwa, amerudishwa, ameuzwa, amerudishwa, hadi nikapoteza hesabu. Mimi, mchumi!
Kisha Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu. Akanishukuru kwa utumishi wangu. Akatangaza kwamba kwa sababu ya moyo wangu, kuanzia leo sitashika kuku tena. Nikanyoosha shingo. Nikafunga kifungo cha koti. Akasema nitashika mayai.
Mayai! Watu wakapiga makofi. Sedekia akafuta machozi, akaninong'oneza, "Taratibu tu, mnyalukolo, hayo hayapigi mabawa."
Tumerudi nyumbani, na tangu hapo nauona ule wasifu unavyosomwa: alizaliwa, alisoma Bulgaria, alishika mayai. Hapana. Kwa namna hiyo sifi!
Nimekumbuka kwamba Sedekia ana dada yake Ilomba, kule Mbeya. Mbeya si Kilolo. Mtu akienda huko hukaa zaidi ya siku moja. Nimepiga simu kuulizia basi la Jumamosi. Damari amenisikia, akaja juu: na moyo huo nataka kusafiri kwenda wapi?
Nimemwambia atulie, anayesafiri ni Sedekia. Yeye mwenyewe bado hajui.